Tulishusha

Umeniuliza, Shija, lini hasa
magurudumu yashushwe, ukiwa ndani ya wingu
na Tabora huioni ila kwa sindano.

Kapteni Nkwabi alikuwa na jibu lake:
"Kwenye alama ya mwisho. Usiguse nguvu ya injini.
Shusha miguu, na ndege yenyewe itainamisha pua
kama ng'ombe aliyeonyeshwa maji."
Na ni kweli. Unabonyeza kishikio,
chini ya sakafu mtu anaburuta kabati,
upepo unadaka miguu, mwendo unapungua,
futi mia tano kwa dakika, bila ubishi.
Kisha taa tatu za kijani.

Ukiwahi mno, utaburuza miguu hewani
maili kumi, na mafuta si ya baba yako.
Ukisubiri mpaka uione lami
vyote vitakujia kwa mpigo: lami, upepo wa ubavu,
sauti ya mnara, mbuzi wa mtu.

Hilo ndilo jibu la mtihani. Sasa sikiliza la pili.

Desemba ile tulibeba chanjo
na mwalimu mmoja wa Urambo, aliyesinzia tangu Dodoma.
Tukashuka kama tulivyofundishwa, miguu chini, taa tatu,
mpaka kimo cha uamuzi. Nje, uji wa ulezi.
Hakuna kiwanja, hakuna hata mti.
Nguvu. Pua juu. Miguu juu:
niliikunja mimi, kwa mkono huu ninaokuandikia.

Tukazunguka. Mvua inapiga kioo changarawe.
Mnara unauliza, Nkwabi anajibu,
mimi natafuta masafa, natafuta kalamu,
alama ya mwisho ikapita chini yetu kimya
kama mgeni asiyebisha hodi.
"Leo imekaidi kushuka," akasema,
akapunguza nguvu kidogo,
si kiasi cha kuamsha honi.

Ng'ombe anakataa maji. Nikashtuka.
"Magurudumu?"
"Tulishusha."

Hakudanganya. Hata mimi nilikumbuka:
lile kabati, ule mtikisiko, ule ukijani.
Nilizikumbuka taa vizuri hivi
kwamba nusura nizione.
Nikatazama mahali pake.
Macho matatu, yamefumba.

Silabi moja tu, Shija. *Li* na *me*.
Kilichoshuka kikapandishwa tena, hicho ni cha *li*,
kimekwenda na dakika zake.
Kinachoning'inia sasa hivi, chini ya makalio yako,
tayari kupokea Tabora, hicho ndicho cha *me*.
Bibi zetu walitupa vitenzi vikali kama nyembe
nasi tunavitumia kupakia siagi.

Mkono wake ukaenda. Kabati likaburutwa.
Moja. Mbili. Ya tatu ikachelewa,
nami nikazeeka pale, kisha ikawaka.
"Imeshuka," alisema, taratibu,
kama anayejifunza kusoma.

Wingu likapasuka kwenye futi mia sita.
Lami ilikuwa pale pale, imelowa, haina habari.
Mwalimu akaamka, akauliza kama ni Dodoma bado.
Injini zilipopoa Nkwabi alichuchumaa
kwenye gurudumu la kushoto, akaliwekea kiganja,
akakaa hivyo kitambo. Sikumsogelea.

Kwa hiyo, kwenye alama ya mwisho, ndiyo.
Lakini ukirudi mara ya pili
anza kama hujawahi kuruka.
Na rubani wako akikujibu "tulishusha,"
usimpokee. Mwombe *me*,
na uihesabu kwa kidole, tatu.

Jioni ile nilipofika Ng'ambo
mama alikuwa anamenya karanga barazani.
"Nimewasikia mkipita juu ya bati mara mbili," akasema.
"Kuna kitu mlisahau?"
Nikavua viatu, nikasimama
peku, mchangani, kwa miguu yote miwili.
"Karibu," nikamwambia.